Kabla ya Vasco da Gama Tulikuwa Wapi?

Skuli zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wajukuu wangu wawili na watoto watatu wa jirani waligeuza baraza yangu, hapa Chake Chake, kuwa darasa. Nami, mwalimu niliyekwisha kustaafu, nikaanza somo la Historia kama nilivyolianza miaka yote: Vasco da Gama, 1498.

Mjukuu wangu wa darasa la sita akanyoosha mkono. "Babu, kabla yake sisi tulikuwa wapi?"

Nilinyamaza na chaki mkononi. Katika umri wangu wote wa kusomesha sikupata kuulizwa swali hilo, na kosa halikuwa la wanafunzi.

Siku ya pili nilianzia kwengine. Niliwaeleza habari za Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliyefika Kanbalu mnamo 916 na kuandika kwamba wakaazi wake Waislamu wakisema lugha ya Wazanji. Wanazuoni wengi huuweka mji huo katika kisiwa chetu, na baadhi yao huuona pale Ras Mkumbuu, penye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Enyi wapenzi wa lugha, lipimeni jambo hilo: karibu miaka mia sita kabla ya Wareno, lugha ya watu wa mwambao huu imekwisha kutajwa kitabuni! Na mimi nilikuwa nikiwaanzishia watoto pwani isiyo na sauti.

Juma lililofuata tulikwenda Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Somo nililoandaa, nakiri, lilikuwa la fahari tupu. Niliwaonesha mabaki ya kuta, nikasifu ujenzi, kisha nikawahadithia kisa tulichorithi kwa wazee wetu, cha raia waliobebeshwa mawe huku wakijiburura kwa makalio.

Binti wa jirani hakucheka kama wenzake. "Mwalimu, waliobeba mawe walikuwa nani?"

"Watu wa hapa hapa."

"Majina yao?"

Nikamwambia hayakuandikwa. Akainama, akaliandika hilo daftarini mwake, chini ya jina la Mkama Ndume.