Habari za Kibofu na Jeraha Lake la Kale

Katika Kalehe, tangu Bunyakiri milimani hata Ihusi ufukoni mwa ziwa, kuna ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja. Husema tu, "Yule mama ananuka," kisha hunyamaza. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, wengine kwamba alivunja mwiko. Sisi twaona ni vema kueleza habari zake wazi, kwa adabu, maana ugonjwa huu una historia ndefu kuliko falme nyingi, na asiyejua kazi ya figo na kibofu hawezi kuufahamu.

Basi tuanze na figo. Ni mbili, zakaa nyuma ya tumbo, kila moja upande wake wa uti wa mgongo. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtu mzima, na umbo lake lafanana na punje ya maharagi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, wapata milioni moja. Kwa siku moja vyachuja kadiri ya lita 180 za maji ya damu, lakini karibu yote yarudishwa mwilini. Uchafu na maji yanayobaki, lita moja au mbili, ndiyo mkojo. Mkojo huo washuka kwa mirija miwili hata kibofuni. Figo hazipumziki usiku wala mchana. Kibofu ndicho kinachopokea, kikajifunga, kikangoja, na hivyo mtu hujichagulia saa yake. Heshima hiyo hatuifikiri mpaka ipotee.

Zamani hata wenye elimu hawakuyajua haya. Asklepiade, mganga wa Kiyunani aliyekaa Roma, alifundisha kwamba maji tunayokunywa hugeuka mvuke na kuingia kibofuni bila njia yoyote. Galeno, aliyezaliwa Pergamo mwaka 129, alimkanusha kwa tendo wala si kwa maneno. Alifunga kwa uzi mirija ya mnyama aliye hai: kibofu kikabaki kitupu, na mirija ikavimba upande wa figo. Alipoufungua uzi, mkojo ukashuka. Baadaye sana, mwaka 1666, Malpighi wa Italia alitumia hadubini akaandika juu ya vidonge vidogo alivyoviona ndani ya figo, na mwaka 1842 Bowman, Mwingereza, alionyesha jinsi vidonge hivyo vinavyoungana na vijirija vya mkojo.

Tuje sasa kwenye jeraha lenyewe. Kwa mwanamke, kibofu chakaa mbele kabisa, kati ya mfupa wa kinena na njia ya uzazi. Mtoto akikwama wakati wa kuzaliwa, labda kwa sababu nyonga za mama ni nyembamba au mtoto amelala vibaya, kichwa chake chakigandamiza kibofu juu ya mfupa. Saa chache si kitu. Lakini uchungu ukiendelea siku mbili au tatu, damu haipiti tena pale, na nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye ile nyama iliyooza yatoka, pabaki tundu, na mkojo wavuja bila kukoma. Tundu hilo ndilo waganga waliitalo fistula. Wala uchawi haumo, wala uzinzi.

Mama huyo hudhani akinywa maji kidogo atavuja kidogo. Kumbe figo zake zafanya kazi vilevile. Mkojo huwa mzito, wazidi kunuka na kuchoma ngozi. Hivyo anateswa na kiu juu ya aibu.

Tumesema ugonjwa huu ni wa kale. Huko Deir el-Bahari, Misri, palizikwa mwanamke wa jumba la mfalme Mentuhotep, jina lake Henhenit, miaka 2000 na zaidi kabla ya Kristo. Maiti yake ilikaushwa kama desturi yao. Bwana Derry, mwalimu wa elimu ya mwili kule Kairo, aliipima akatangaza habari zake mwaka 1935: nyonga nyembamba, na kibofu kilichopasuka hata njia ya uzazi. Dhahabu ya mfalme haikumfaa kitu.

Dawa ilikawia kuja, na ilipokuja ililetwa kwa mateso ya wengine. Kule Alabama, Marekani, daktari Marion Sims alianza mwaka 1845 kuwashona wanawake watumwa. Watatu twajua majina yao: Anarcha, Betsey na Lucy. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kwa hiari ya mtu huru, wala hawakulazwa usingizi kwa dawa. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi mpaka, mwaka 1849, tundu lake likafungwa kwa uzi wa fedha. Sims alisifiwa dunia nzima akajengewa sanamu New York. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 2018. Kwa maoni yetu, sifa kubwa yawapasa wale watatu.

Wala tusidhani Afrika ilikaa bila maarifa. Mwaka 1879 Felkin, Mwingereza, aliona kule Kahura katika Bunyoro mganga mwenyeji akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Alimlewesha kwa pombe ya ndizi, kama kasiksi yetu, akanawa mikono kwa hiyo hiyo, akafunga kidonda kwa vijiti vya chuma na kamba ya gome. Mama na mtoto wakaishi. Na kupasua kwa wakati wake ndiko hasa kuzuiako fistula.

Karibu nasi, daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1955, alifanya kazi kwanza Lemera. Aliona akina mama wakiletwa wamechoka kwa uchungu wa siku nyingi, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza elimu ya uzazi. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia wazazi. Lakini vita vilileta fistula ya namna nyingine, isiyotokana na mtoto bali na ukatili wa watu wenye silaha, na kati ya waliofika walikuwamo wengi wa Kalehe. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Kazi ya kushona ni hii: daktari aitenganisha ngozi ya kibofu na ya njia ya uzazi, aishona kila moja peke yake, kisha aweka mpira wa kutolea mkojo kwa siku kadhaa ili kibofu kikae kitupu na kupona. Tundu likiwa dogo na jipya, mpira peke yake mara nyingine watosha. Kwa hiyo mama aanzaye kuvuja afikishwe hospitali juma lile lile, asingojee mwezi. Na aliyepona akichukua mimba tena, azalie hospitali, apasuliwe kabla uchungu haujawa mrefu. Kwa mtu wa Bunyakiri maana yake ni kushuka mapema, majuma kadhaa kabla ya siku zake, akakae kwa ndugu karibu na hospitali.