Kabla ya Kijiti: Wanawake Walijuaje Kwamba Wana Mimba?

Leo tuongelee kitu ambacho dada zetu wengi wanakijua kwa vitendo, ila historia yake wanaijua wachache. Siku zako zimechelewa, matiti yanauma, harufu ya vitunguu vikikaangwa inakukera. Unapita duka la dawa, unanunua kijiti kwa hela ndogo kuliko sahani ya chipsi. Dakika tano tu jibu unalo, na hakuna mwingine anayejua.

Hapo kwenye "hakuna mwingine anayejua" ndipo palipo na habari yenyewe. Kwa karne nyingi mwanamke hakuwa na uhakika huo, na mara nyingi jibu lilikaa mikononi mwa mtu mwingine.

Tuanze Misri. Maandishi ya tiba ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita yanamwelekeza mwanamke akojolee mbegu za shayiri na ngano kila siku. Zikiota, ana mimba. Zisipoota, hana. Usicheke kwanza! Mwaka 1963 watafiti wa hukohuko Misri walilirudia jaribio hilo, na mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu kwa takriban asilimia 70. Mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba ulizizuia zisiote. Wamisri wale walidai pia kwamba shayiri ikiota ni mtoto wa kiume, ngano ikiota ni wa kike. Hapo ndipo walipochemka.

Ulaya nako kulikuwa na mambo. Dalili iliyohesabika kuwa ya uhakika ilikuwa mtoto kucheza tumboni, yaani mwezi wa nne au wa tano. Kukosa siku na kichefuchefu havikutosha, maana hedhi hukatika hata kwa njaa na maradhi. Uingereza, mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kuomba asubiriwe kwa kuwa ana mimba. Mahakama iliteua kundi la wanawake watu wazima wamkague. Wakisema mtoto anacheza, kitanzi kinasubiri. Wakisema hachezi, kwisha habari yake. Mwenye mimba ya wiki sita hakuwa na la kujitetea. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1931, sio zamani hivyo.

Wataalamu nao walikuwa gizani. Aristotle alifundisha kwamba mwanaume ndiye anayeleta umbo la mtoto na mwanamke analeta damu ya kulijenga tu. Mbegu za kiume zilionekana kwa hadubini mwaka 1677 kule Uholanzi. Yai la mamalia likasubiri hadi 1827, miaka 150 baadaye! Mwaka 1876 Mjerumani Oscar Hertwig alitazama mbegu na yai vikiungana, tena kwa kiumbe wa baharini, sio binadamu. Na ni miaka ya 1920 tu ndipo daktari wa Japani na mwenzake wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kwamba yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata.

Sasa tujue kinachotokea. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku tano, ndiyo maana tendo la Jumatatu linaweza kuleta mimba Ijumaa. Vikikutana kwenye mrija wa uzazi, safari ya kushuka na kujishikiza kwenye mji wa mimba huchukua kama wiki moja. Baada ya hapo ndipo homoni ya hCG inapoanza kuingia kwenye damu na mkojo. Kwa hiyo ukipima kesho yake asubuhi, unatupa hela.

Homoni hiyo ndiyo iliyowasumbua panya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kule Berlin, Aschheim na Zondek waliwadunga panya wadogo mkojo wa mwanamke, kisha wakawapasua kuangalia vifuko vya mayai. Marekani wakahamia kwa sungura mwaka 1931. Watu walisema sungura akifa, una mimba. Uongo, sungura walikuwa wanapasuliwa wote! Mkombozi alitoka Afrika Kusini: chura. Akidungwa mkojo wa mjamzito anataga mayai kabla siku haijaisha, na anabaki hai kwa kazi nyingine. Vyura wetu wakasafirishwa kwa maelfu hadi hospitali za ng'ambo.

Lakini bado mkojo ulipitia kwa daktari, na jibu lilirudi kwa daktari. Mwaka 1967 mbunifu wa michoro Margaret Crane, akifanya kazi kwenye kampuni ya dawa New Jersey, aliona mirija ya vipimo imepangwa maabara akajiuliza: kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani? Wakubwa walimpinga. Hataza ilipotoka haki zote zilikwenda kwa kampuni, na malipo yake yalikuwa dola 1. Vipimo vya nyumbani viliingia madukani miaka ya 1970, na kijiti cha hatua moja kikaja mwaka 1988.

Tusidhani hadithi imeishia hapo. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi wasichana walipimwa mimba shuleni, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Kipimo kilichobuniwa ili mwanamke awe wa kwanza kujua, kwake kilimfanya awe wa mwisho, baada ya mwalimu. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua warudi darasani. Mlango umefunguliwa, ila fikiria ni wangapi walishapita bila kurudi.

Basi dada, ukikosa siku pima. Ikitoka mstari mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku chache. Ikitoka miwili na tumbo linauma sana upande mmoja, au unatoka damu, nenda hospitali usisubiri, huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Na wewe baba, kaka au mwalimu, jibu hilo ni la kwake kwanza. Subiri akuambie.