Saini za Waigizaji na Njia ya Kisumu
Ukusanyaji wa picha zilizotiwa saini na waigizaji wa filamu za zamani ulitegemea posta, na Kisumu, iliyofikiwa na reli mwaka 1901 na ndege za Imperial Airways mwaka 1931, ilikuwa kituo cha barua za London. Miongoni mwa waigizaji hao, Clark Gable alipokuja Kenya mwaka 1952 kuigiza filamu ya Mogambo, alirudia uhusika wake wa Red Dust ya 1932, alimoigiza pamoja na Jean Harlow. Saini za Harlow, aliyefariki 1937, ndizo mtego mkubwa kwa wakusanyaji, kwani picha nyingi zilizotumwa kwa mashabiki zilisainiwa na mama yake. Kwa hiyo mnunuzi makini hulinganisha mwandiko na ule wa mikataba na hundi.