ASKOFU ELPHINSTONE WA ABERDEEN

Mhariri ameniomba makala ya historia, nami nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia: William Elphinstone, Askofu wa Aberdeen, kaskazini mashariki ya Uskoti. Wanafunzi msicheke. Mzee huyu alimtumikia mfalme kwa zaidi ya miaka thelathini, na sisi tunaoshinda na majalada ofisini tunamwelewa pengine kuliko mapadre wanavyomwelewa.

Alizaliwa mwaka 1431. Baba yake alikuwa padre, na kwa kuwa mapadre hawakuruhusiwa kuoa, mtoto alihesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Mtoto wa namna hiyo hakuweza kupewa upadre pasipo kibali maalumu. Kibali kilipatikana. Akasoma Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa kujifunza sheria katika miji ya Paris na Orléans. Aliporudi akawa hakimu wa mahakama za Kanisa, mjumbe wa baraza la mfalme na balozi. Mwaka 1483 akapewa jimbo la Aberdeen.

Mapema mwaka 1488 Mfalme James III alimfanya Chansela. Mwezi Juni mwaka huo huo mfalme akauawa katika vita vya Sauchieburn, akipigana na mabwana walioasi, na Elphinstone akapoteza cheo. James IV aliyetawazwa alikuwa kijana wa miaka 15, na waasi ndio waliompigania. Hata hivyo, kufikia mwaka 1492 alikuwa amemrudisha mzee kazini kuwa Mtunza Muhuri. Nchi haikuwa na wanasheria wengi wa kiasi chake.

Kazi anayokumbukwa nayo zaidi ni chuo. Alimweleza Papa Alexander VI kwamba watu wa kaskazini wametengwa na milima na ghuba za bahari, na kwa hiyo elimu haiwafikii. Hati ya Papa ilitolewa Februari 1495. Hicho kikawa chuo kikuu cha tatu cha Uskoti, wakati Uingereza, nchi kubwa na tajiri zaidi, ilikuwa na viwili tu. Mkuu wa kwanza, Hector Boece, aliitwa kutoka Paris, na pamoja na walimu wa dini na sheria paliwekwa mwalimu wa utabibu.

Mwaka 1496 Bunge likaamuru kwamba mabwana wenye mali wawapeleke shule wana wao wa kwanza tangu umri wa miaka minane au tisa, mpaka waijue vizuri lugha ya Kilatini, kisha wasome sheria miaka mitatu. Aliyekaidi alitozwa pauni 20. Wanahistoria wengi huuona mkono wa Elphinstone hapo. Mimi naona pia kasoro yake: mtoto wa mkulima hakutajwa, wala msichana. Lakini shabaha ilikuwa wazi, kwamba anayeamua kesi za watu aijue sheria yenyewe.

Mwaka 1507 Chepman na Myllar walipewa ruhusa ya kuanzisha kiwanda cha kwanza cha kupiga chapa nchini. Mwaka 1510 Askofu alitoa humo kitabu cha sala za mapadre, chenye habari za watakatifu wa Uskoti wenyewe, ili wasitegemee vitabu vya Uingereza.

Basi likaja jaribu la mwisho. Mwaka 1513 James IV aliazimia kuishambulia Uingereza kwa ajili ya urafiki wake na Ufaransa. Elphinstone, mwenye miaka 82, alishauri amani barazani. Hakusikilizwa. Tarehe 9 Septemba, huko Flodden, mfalme aliuawa pamoja na maelfu ya watu wake, akiwamo mwanawe Alexander, Askofu Mkuu wa St Andrews. Mzee aliyepuuzwa akapendekezwa kukijaza kiti hicho kilichobaki wazi, lakini hakukikalia. Alifariki Edinburgh tarehe 25 Oktoba 1514, akazikwa katika kanisa la chuo chake.

Aliacha fedha za kujengea daraja juu ya mto Dee. Askofu Gavin Dunbar alilimaliza, lina matao saba, nalo lingali linapitwa hadi leo.