PERFORM na CALL katika COBOL

PERFORM na CALL ni vitenzi viwili vya COBOL, lugha ya kuandikia programu za hesabu za biashara na za serikali, ambavyo kwavyo mtunga programu huiamuru mashine ama kurudia kazi ile ile mara nyingi, ama kwenda kutekeleza utaratibu ulioandikwa mahali pengine kisha irejee pale ilipotoka. Lugha nyingine aghalabu huzitenga kazi hizi mbili, kila moja na neno lake. COBOL ilizikabidhi zote kwa PERFORM, na katika uamuzi huo mmoja ndimo ilimozaliwa sifa yake iliyo bora pamoja na aibu yake iliyo kubwa.

Waasisi wa lugha hii, waliokusanywa na mkutano uliofanyika Pentagon, Marekani, mwezi wa Mei 1959, na walioichota hazina kubwa ya mawazo yao katika FLOW-MATIC, lugha iliyotungwa chini ya uongozi wa Grace Hopper, walikusudia programu isomeke kama maandishi ya kawaida ya Kiingereza, hata msimamizi wa ofisi asiyeifahamu mashine aweze kuifuata. Ndiyo sababu programu ya COBOL hugawanywa kwa sehemu, aya na sentensi, na amri zake huitwa vitenzi. Na kila aya hupewa jina, ambalo mtungaji ana hiari ya kulichagua katika lugha yoyote iandikwayo kwa herufi za Kirumi, maadamu haligongani na maneno ambayo lugha yenyewe imeyatenga kwa matumizi yake.

Basi mtu akiandika PERFORM LIPA-MSHAHARA, mashine huiendea aya yenye jina hilo, huitimiza mpaka mwisho, kisha hurudi kwenye amri ifuatayo. Akiongeza 5 TIMES, aya hutimizwa mara tano; akiongeza UNTIL na sharti, hutimizwa tena na tena mpaka sharti hilo litimie. Sharti hili ni la kukoma wala si la kuendelea, na hupimwa kabla ya kila zamu, hivyo yamkini aya isitekelezwe hata mara moja. Kwa ajili hiyo imekuwa desturi, katika kusoma faili, rekodi ya kwanza isomwe kabla ya kuingia marudioni, na zinazofuata zisomwe mwishoni mwa aya inayorudiwa. Mwenye kuisoma rekodi mwanzoni mwa aya, asipime hapo hapo kama faili imekwisha, huweza kumlipa mfanyakazi wa mwisho mara mbili.

Namna iliyo tajiri kuliko zote ni VARYING. Chukua amri hii: PERFORM JUMLISHA-MAUZO VARYING MWEZI FROM 1 BY 1 UNTIL MWEZI > 12. Aya hutimizwa mara 12, na marudio yakiisha MWEZI huwa 13, jambo ambalo humponza atakayekitumia kihesabio hicho baadaye akidhani kimesimama kwenye Desemba. Na lau sharti lingeandikwa UNTIL MWEZI = 12, Desemba ingeachwa nje ya jumla pasipo onyo lolote. Hatari nyingine imo katika upana wa kihesabio chenyewe: kilichotengewa nafasi ya tarakimu mbili hakiwezi kuzidi 99, kwa hiyo anayeandika UNTIL kizidi 99 ameagiza marudio yasiyo na ukomo.

Aibu niliyoitaja ni kwamba aya haina mipaka. Haina data yake ya faragha, haipokei chochote mkononi, na mwisho wake hauna amri ya kurudi iliyoandikwa. Mashine hurudi ikiwa tu iliingia kwa PERFORM, ama sivyo huteremka moja kwa moja hadi aya iliyo chini yake. Tena PERFORM A THRU B hutimiza kila aya iliyo kati ya hizo mbili, hata ile aliyoipachika hapo mtu mwingine miaka kadhaa baadaye pasipo kujua kuwa ameitia katika mzunguko. Na anayetoka katikati ya aya kwa GO TO, asifike mwisho wake, huacha njia ya kurudi ikiwa bado imetegwa, na katika mashine nyingine njia hiyo hufyatuka siku ambayo hakuna aitarajiaye. Wengi huilaumu COBOL kwa wingi wa maneno; lawama hiyo naiona dhaifu, kwani maneno mengi huchosha mkono tu, walakini ukosefu wa mipaka huharibu hesabu za watu.

Kanuni rasmi za COBOL za mwaka 1985 zilitengeneza mengi: zilimruhusu mtungaji kuziandika amri za marudio pale pale, zikifungwa kwa END-PERFORM, na zilimpa WITH TEST AFTER ili sharti lipimwe baada ya zamu. Zile za 2002 zikaongeza EXIT PERFORM, ya kutoka marudioni kwa heshima bila GO TO.

CALL, iliyoingia katika kanuni rasmi za 1974, huita programu nzima, yenye data yake. Vitu inavyokabidhiwa hutajwa baada ya USING, na programu inayoitwa huvipokea katika LINKAGE SECTION kwa kufuata mpangilio wao, wala si majina yao; programu inayoita ikitaja tarakimu sita na inayoitwa nane, programu iliyoitwa huweza kugusa nafasi isiyokuwa yake. Kwa kawaida hukabidhiwa kitu chenyewe, hivyo mabadiliko humrudia aliyeita. BY CONTENT, ya 1985, hukabidhi nakala. Tena data ya programu iliyoitwa, iliyowekwa katika WORKING-STORAGE, husalia na thamani zake tangu mwito mmoja hadi mwingine, isipokuwa programu imetangazwa kuwa INITIAL au imeondolewa kwa CANCEL. Kwa hiyo jumla iliyokokotolewa katika mwito wa kwanza haitakuwa sifuri katika mwito wa pili wa kazi ile ile, mpaka mtungaji aandike yeye mwenyewe MOVE ZERO mwanzoni.