Huzuni Iliyotangulia Kuzaliwa

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili ni la kweli, lakini historia ya karne ya ishirini yatuonyesha kuwa yako mambo yanayomfikia mtoto kabla ya mikono ya mlezi.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi. Tarehe 14 mji wa Rotterdam ulipigwa mabomu, na mamia ya watu wakafa. Njaa kuu ya nchi ile ilikuwa bado; ilikuja katika majira ya baridi ya 1944 na 1945. Basi msiba wa wajawazito wa mwezi ule ulikuwa hofu zaidi ya ukosefu wa chakula. Mwaka 1998 wataalamu Jim van Os na Jean-Paul Selten walieleza kuwa miongoni mwa waliokuwa tumboni siku zile, ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia ulizidi kidogo ukilinganishwa na waliotungwa na kuzaliwa katika miaka mingine.

Kabla yao, mwaka 1978, Matti Huttunen na Pekka Niskanen wa Ufini walilinganisha mayatima wa namna mbili: waliofiwa na baba kabla ya kuzaliwa, na waliofiwa katika mwaka wa kwanza wa maisha. Wote walikosa baba. Ila huzuni ya mama iliwakuta wale wa kwanza tumboni, na hawa wa pili mapajani. Skizofrenia ilionekana zaidi kwa wale wa kwanza.

Mwili wenye hofu hutoa homoni iitwayo kortisoli. Kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa isimfikie mtoto, lakini si yote. Nayo inayopita yadhaniwa kugusa ubongo ungali ukijengwa.

Tusifanye haraka kuhukumu. Wengi sana wa watoto wale walikua wazima wa akili, na maradhi haya yana sababu nyingi. Wala mama asilaumiwe: hakuyaita mabomu, wala hakuchagua ujane. Lawama ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Lililo wajibu wetu ni kumpunguzia mjamzito hofu na upweke. Na mwanahistoria ahesabuye hasara ya vita kwa makaburi peke yake hajamaliza hesabu, maana amewasahau waliokuwa hawajazaliwa.