Jiwe la Uluguru lililotufundisha elementi ni nini

Madogo wa sekondari hapa Moro wameniuliza sana maswali mawili. La kwanza: elementi na kampaundi zinatofautianaje? La pili: inakuwaje elementi moja iwe na atomu zenye uzito tofauti? Najibu yote kwa mpigo, na mifano natoa hapa hapa mji kasoro bahari. Kumbe jawabu la swali la pili lilipatikana kwa msaada wa jiwe kutoka milima hii ya Uluguru, ile unayoiona ukichungulia tu nje ya kafe!

Elementi

Elementi ni kitu ambacho huwezi kukivunja kwa njia za kemia ukapata kitu rahisi zaidi. Dhahabu, chuma, shaba, oksijeni, kaboni, risasi, urani, zote ni elementi. (Risasi hapa ni ile metali laini na nzito. Ya bunduki ilipata jina humo humo.)

Leo zinajulikana elementi 118. Kila moja ina namba yake, nayo ni idadi ya protoni zilizomo katikati ya atomu. Kaboni ina 6, oksijeni 8, risasi 82, urani 92. Shika hiyo namba vizuri, maana mbele tutaihitaji.

Kampaundi

Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa kipimo maalumu. Jambo la kukumbuka: zikishaungana, tabia zake za zamani zinapotea.

Chukua chumvi ya jikoni. Sodiamu peke yake ni metali laini inayowaka na hata kulipuka ikitiwa kwenye maji. Klorini peke yake ni gesi ya sumu, ilitumika kuua askari vitani mwaka 1915. Zikiungana unapata kitu cha kutia kwenye maharage!

Mfano wa nyumbani kwetu: sufuria na rubi. Sufuria nyingi ni alumini. Upande wa mashariki wa Uluguru, maeneo ya Matombo, kuna rubi, yale mawe mekundu ya thamani. Rubi ni alumini iliyoungana na oksijeni, na wekundu wake unatokana na kromiamu kidogo sana iliyoingia humo. Sufuria unaibonyeza kwa kidole inabonyea. Rubi ni ngumu kiasi kwamba katika mawe ya asili karibu almasi peke yake ndiyo inayoichuna. Elementi ni ile ile, tabia ni mbingu na ardhi.

Usichanganye kampaundi na mchanganyiko. Mchanga na chumvi ukivikoroga, kila kimoja kinabaki na tabia yake, na unaweza kuvitenganisha kwa maji na kitambaa tu. Kampaundi hutenganishi hivyo.

Sasa tupande mlimani

Enzi za Wajerumani, Uluguru kulikuwa na machimbo ya ulanga, lile jiwe linalometameta na kubanduka tabaka tabaka kama karatasi. Ndani ya machimbo hayo, eneo la Lukwengule, yakaonekana mawe meusi, mazito kupita kawaida. Yalikuwa kampaundi ya urani na oksijeni: kila atomu moja ya urani, oksijeni mbili.

Baadhi ya mawe hayo yalikuwa yamegeuka njano kwa nje. Mwaka 1906 mwanakemia Mjerumani, Willy Marckwald, aliichunguza ile njano akakuta ni kampaundi nyingine: urani moja, kaboni moja, oksijeni tano. Yaani jiwe jeusi lilikaa na maji na hewa muda mrefu, likaungana na oksijeni zaidi na kabonidioksaidi, rangi na tabia zikabadilika. Somo la kampaundi, limefanywa na mlima wenyewe.

Madini hayo ya njano aliyaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mtafiti wa mionzi. Elementi namba 104 ilikuja kupewa jina lake rasmi mwaka 1997. Jiwe la Morogoro lilikuwa limetangulia kwa miaka 91!

Risasi iliyokataa kufuata kitabu

Zamani vitabu vilifundisha kwamba atomu zote za elementi moja zina uzito mmoja. Risasi ya kawaida ilipimwa ikapatikana kama 207.2, na ikaaminika ni hivyo popote duniani.

Mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy akaleta neno isotopu: atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Lakini neno si ushahidi. Alitakiwa mtu apime.

Kazi hiyo waliifanya Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, kati ya 1914 na 1915. Walihitaji risasi iliyozaliwa na urani, isiyochanganyika na risasi ya kawaida. Jiwe jeusi la Morogoro lilikuwa safi mno, likafaa kuliko mengi. Risasi iliyotolewa humo ilipimwa ikawa takriban 206.05. Kwa mtu wa mtaani hiyo tofauti ni ndogo. Kwa kipimo cha wale wawili ilikuwa kubwa, haikuwa na pa kujificha.

Kwa nini 206? Chukua peni tupige hesabu. Urani iliyo nyingi zaidi ina uzito 238 na protoni 92. Polepole mno, kwa mabilioni ya miaka, inatoa chembe 8 za alfa. Kila moja inaondoka na uzito 4 na protoni 2. Pia inatoa chembe 6 za beta, na kila moja inaongeza protoni 1.

Uzito: 238 − (8 × 4) = 206.
Protoni: 92 − (8 × 2) + 6 = 82.

Protoni 82 ni nani? Risasi! Kwa kemia inafanya kila ambacho risasi nyingine inafanya. Uzito tu ndio tofauti.

Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike kwamba elementi ni atomu zenye uzito sawa. Kinachoitambulisha elementi ni idadi ya protoni.

Usimsahau yule dada

Soddy alipata Nobel ya kemia ya mwaka 1921. Horovitz, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1887, hakupata. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1942 aliuawa na Wanazi kwenye kambi ya Treblinka. Vitabu vingi vya shule havimtaji, wala havitaji Morogoro. Mimi naona hiyo si haki. Dada zangu mnaoambiwa kemia ni ya wanaume, lishikeni jina hilo.

Tahadhari

Nawajua vijana wa Moro, kesho mtu atapanda mlimani na nyundo. Mawe ya urani yanatoa mionzi, na vumbi lake ni baya likiingia mapafuni. Ukiona jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, lenye ukoko wa njano, usiliweke chini ya kitanda wala kulisaga. Toa taarifa ofisi ya madini, au Tume ya Nguvu za Atomu.

Kwa ufupi, uandike kwenye daftari

1. Elementi: inatambulika kwa idadi ya protoni.
2. Kampaundi: elementi zilizoungana kwa kipimo maalumu, tabia mpya.
3. Mchanganyiko: kila kitu kinabaki na tabia yake.
4. Isotopu: elementi moja, protoni sawa, uzito tofauti. Mfano: risasi ya jiwe la Morogoro.

Mwenye swali, au mwenye babu aliyewahi kusimulia habari za machimbo ya ulanga kule juu, aandike hapo chini. Nitasoma yote.